Miji mitatu, hakimu mmoja: uchambuzi wa kisa cha mahakama ya miji jirani New Jersey

Jimbo la New Jersey lina miji 564, na sheria inautaka kila mji uwe na mahakama yake. Haisemi kwamba kila mji lazima uwe na ukumbi wake, hakimu wake na karani wake. Kifungu 2B:12-1 cha sheria za jimbo kinaruhusu miji miwili au zaidi kushirikiana, na kinatoa njia mbili ambazo kwa mbali zinafanana kama mapacha. Watu wengi wanaoanza mazungumzo haya hawajui kwamba ni mbili, na miezi yao sita ya kwanza hupotelea hapo.

Kisa tunachokichambua ni cha miji mitatu inayopakana. Mji mkubwa una maduka na mita za maegesho, na hupokea mashtaka 6,000 kwa mwaka. Mji wa kati hupokea 2,400. Mji mdogo hupokea 600, karibu yote ya barabara kuu inayokatiza kwenye kona yake. Kila mmoja unalipia mahakama yake: dola 420,000, dola 230,000 na dola 110,000, jumla dola 760,000. Makadirio ni kwamba wakikaa pamoja watatumia dola 560,000. Miji hii na hesabu zake tumeziunda ili mambo yaonekane kwa tarakimu. Sheria, taratibu na mitego inayofuata ni halisi.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Mahakama ya mji husikiliza makosa ya barabarani, pamoja na kuendesha gari ukiwa umelewa, makosa madogo ya jinai yenye kifungo kisichozidi miezi 6, na uvunjaji wa sheria ndogo za mji. Hakuna baraza la wazee wa mahakama. Hakimu peke yake anaamua. Kwa mkazi wa kawaida, hii huenda ikawa mahakama pekee atakayoingia maishani, na ndiyo maana mpangilio wake si jambo la wahasibu tu.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni mahakama ya pamoja kwa maana kamili. Kila baraza la mji linapitisha sheria ndogo, miji inasaini mkataba, mahakama za zamani zinafungwa na inazaliwa moja yenye jina lake. Daftari la kesi linakuwa moja, na namba ya mahakama katika mfumo wa kompyuta wa jimbo inakuwa moja.

Njia ya pili ni huduma za pamoja. Mahakama tatu zinabaki tatu kisheria, ila zinatumia ukumbi mmoja, makarani wale wale, na zinakubaliana kumteua hakimu yule yule. Ni wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na ufunguo wa chumba chake. Kwa njia hii sheria inaruhusu hata azimio la baraza, bila kulazimika kupitisha sheria ndogo.

Tofauti kubwa haipo kwenye gharama. Ipo kwenye kalamu inayomteua hakimu. Katika mahakama ya mji mmoja, au ya huduma za pamoja, hakimu anateuliwa na meya kwa idhini ya baraza, au na baraza lenyewe, kulingana na muundo wa serikali ya mji huo. Lakini katiba ya jimbo inasema kwamba hakimu wa mahakama ya chini ambayo mamlaka yake yanavuka mji mmoja anapendekezwa na Gavana na kuidhinishwa na Seneti. Mahakama ya pamoja inaangukia hapo moja kwa moja. Kwa hiyo mameya watatu waliozoea kumteua hakimu katika kikao cha Januari wanajikuta wanasubiri Trenton, makao makuu ya jimbo. Na Trenton ina desturi isiyoandikwa: seneta wa kaunti anakotoka mteule anaweza kulizuia jina bila kutoa sababu. Nafasi inaweza kukaa muda mrefu ikishikiliwa na hakimu wa muda.

Sifa za hakimu ni zile zile kwa njia zote mbili: awe mkazi wa New Jersey, na awe wakili aliyesajiliwa jimboni kwa miaka isiyopungua 5. Muhula ni miaka 3, na anaendelea kuketi mpaka mrithi wake aapishwe.

Miji yetu mitatu ilianza ikitaka mahakama ya pamoja kamili, kwa sababu daftari moja ni rahisi kuliko matatu. Hiyo ni hoja nzuri, na kwa miji midogo sana yenye mashtaka machache kila mmoja bado tungeishauri. Lakini mji mkubwa haukuwa tayari kuachia uteuzi, na pasipo mji mkubwa hakuna mpango. Wakachagua huduma za pamoja. Uamuzi huo una bei yake, nayo inalipwa kila siku na makarani.

Gharama zinagawanywaje

Hapa ndipo mazungumzo huvunjika, na mara nyingi huvunjika kwa sababu mtu ameleta fomula moja tu mezani.

Fomula ya kwanza anayoipenda kila mwenyekiti wa kikao ni mgawo sawa: theluthi kwa kila mji. Dola 560,000 kwa watatu ni dola 186,667. Mji mkubwa unaokoa dola 233,333. Mji mdogo, uliokuwa ukitumia dola 110,000, unaongeza dola 76,667 kwa heshima ya kushirikiana. Haiwezekani, na diwani wa mji mdogo akiiona hesabu hii siku ya kwanza hatarudi siku ya pili.

Fomula ya pili ni idadi ya mashtaka. Mji mkubwa una theluthi mbili za mashtaka yote, kwa hiyo analipa dola 373,333. Wa kati dola 149,333. Mdogo dola 37,333. Inaonekana ya haki mpaka uulize mashtaka hayo ni ya nini. Katika 6,000 za mji mkubwa, 3,500 ni za maegesho. Mtu anakuta karatasi kwenye kioo cha gari, analipa kwa NJMCdirect, tovuti ya kulipia faini, usiku huo huo, na jalada limefungwa bila karani kuligusa. Shtaka la ulevi barabarani ni kitu kingine: ripoti ya kipimo cha pumzi na vyeti vya mashine, maombi ya wakili ya kupata video, kuahirishwa mara tatu, mtaalamu wa upande wa utetezi, na nusu siku ya hakimu. Ukizihesabu zote mbili kama moja, mji wenye mita za maegesho unalipia kazi ya wenzake.

Kwa hiyo ni lazima kuweka uzito. Miji yetu ilikubaliana maegesho iwe 1 na shtaka jingine lolote liwe 4. Ni uzito wa mkono, lakini ni bora kuliko kutokuwa nao. Mji mkubwa unapata alama 3,500 kwa maegesho na 10,000 kwa mengine 2,500, jumla 13,500. Mji wa kati, wenye maegesho 400 na mengine 2,000, unapata 8,400. Mji mdogo, bila maegesho, 2,400. Jumla ya alama ni 24,300.

Bado kuna jambo moja. Mahakama iliyo wazi inagharimu hata siku ambayo hakuna aliyekuja: mshahara wa hakimu, bima, mashine ya kurekodi sauti, taa. Gharama hiyo haifuati mashtaka, na mji mdogo usipoibeba kabisa wenzake wataanza kunung'unika mwaka wa pili. Wakatenga asilimia 20 ya bajeti, yaani dola 112,000, igawanywe sawa, dola 37,333 kila mmoja, na asilimia 80, dola 448,000, ifuate alama. Matokeo yake: mji mkubwa dola 286,222, wa kati dola 192,197, mdogo dola 81,580. Wote watatu wanalipa chini ya walivyokuwa wakilipa: akiba ya mkubwa ni dola 133,778, ya wa kati dola 37,803, ya mdogo dola 28,420.

Alama zichukuliwe kwa wastani wa miaka 3, si mwaka mmoja. Mji mdogo una askari wachache. Wawili wakienda likizo ya ugonjwa, mashtaka yanashuka ghafla, na mwaka unaofuata yanapanda. Wastani unazuia bajeti kuyumba pamoja na ratiba ya askari.

Na kuna fomula moja isiyopaswa kuguswa kabisa: kugawa gharama, au kupima mafanikio ya mahakama, kwa faini iliyokusanywa. Ukiandika kwenye mkataba kwamba mji unaoleta faini nyingi unapunguziwa mchango, umemwambia mkuu wa polisi aandike samansi nyingi, na umemwambia hakimu nini kinatarajiwa kwake. Taarifa ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, mwaka 2015, ilionyesha mahakama ya mji inapogeuzwa kuwa kapu la mapato huishia wapi. New Jersey nayo ilijichunguza: mwaka 2018 kamati iliyoundwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo (Supreme Court), chini ya Jaji Mkuu Stuart Rabner, ilionya dhidi ya kuzitumia mahakama za miji kama chanzo cha fedha, na ikahimiza mahakama ndogo ziunganishwe. Kwa hiyo neno "mapato" lisionekane popote katika kifungu cha kugawana gharama. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linajirudisha lenyewe mezani kila bajeti inapobana.

Faini yenyewe inakwenda wapi

Faini inafuata mahali kosa lilipotendeka. Za sheria ndogo zinabaki kwa mji. Za barabarani zilizoandikwa na polisi wa mji zinagawanywa nusu kwa kaunti na nusu kwa mji. Juu ya faini kuna gharama za mahakama zisizozidi dola 33, na kwa makosa madogo ya jinai kuna tozo za lazima za jimbo: dola 50 kwa mfuko wa waathirika wa uhalifu na dola 75 kwa mfuko wa usalama wa mitaa. Kila senti ina mwenyewe.

Katika huduma za pamoja kila mji unabaki na akaunti zake mbili za benki, ya faini na ya dhamana. Miji mitatu ni akaunti sita, zote mikononi mwa karani yule yule kwenye dirisha lile lile. Sheria inataka fedha ziingie benki ndani ya saa 48, na mgawo wa mwezi utumwe kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa hatari hasa ni fedha kuingia kwenye daftari la jirani.

Tazama namna inavyotokea. Askari wa mji mdogo anasimamisha gari kwenye barabara ambayo upande wake mmoja ni mji mdogo na upande wa pili ni mji wa kati. Samansi ina nafasi ya namba ya mahakama, tarakimu nne. Askari ameazima kitabu cha mwenzake, au kompyuta ya garini imebaki na chaguo la mwisho, na tarakimu ni za mji wa kati. Dereva analipa mtandaoni, mfumo unapokea, na nusu ya mji inaingia kwenye akaunti isiyo yake. Hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna aliyeumia kwa macho. Mkaguzi wa hesabu anaikuta mwaka ujao, na kuirudisha kunadai barua, kumbukumbu na saini za ofisi mbili. Dereva akikana kosa, ni mbaya zaidi: kesi iko mbele ya mahakama isiyo na mamlaka juu ya upande huo wa lami, na wakili mzuri atalisema hilo katika dakika ya kwanza.

Dawa yake ni ndogo na inachosha: kila asubuhi karani mmoja anapitia samansi zilizoingia usiku, analinganisha mtaa ulioandikwa na namba ya mahakama, na anazirudisha zenye kasoro kabla fedha haijagusa benki. Kwa mitaa ya mpakani panabandikwa ramani kwenye ukuta wa ofisi, namba ya nyumba kwa namba ya nyumba.

Siku ya kikao

Kikao kimoja kinaweza kubeba kesi za miji yote mitatu, lakini kila kesi ni ya mahakama yake. Hakimu anapofungua jalada, karani anatamka kwa sauti jina la mji na namba ya shtaka kabla ya jina la mshtakiwa. Rufaa inakwenda mahakama ya jimbo iliyo katika kaunti (Superior Court) ndani ya siku 20 na husikilizwa upya kwa kusoma kumbukumbu ile ile ya sauti. Ikiwa sauti haisemi ni mji gani, mwandishi wa nakala anakaa siku nzima akitafuta. Na ikiwa kipaza sauti cha shahidi kilikuwa kimezimwa, kesi huenda ikarudiwa yote.

Gharama isiyoonekana kwenye bajeti ya mahakama ni askari. Zamani askari wa mji mdogo alivuka korido akatoa ushahidi. Sasa anaendesha gari, anasubiri, anarudi, na mara nyingi mkataba wa chama chake unamlipa saa za chini zilizowekwa hata akitumia dakika kumi. Ndiyo maana ratiba inapangwa kwa askari, si kwa tarehe ya kosa: kesi zote za askari mmoja zinakaa kwenye kikao kimoja kwa mwezi. Asiyelipanga hili ataona akiba yake ya dola 28,420 ikihamia kimya kimya kwenye bajeti ya polisi.

Upande wa raia, umbali una adhabu yake. Asiyefika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa kwa jambo lililoanza kama taa ya nyuma isiyowaka. Kusikiliza kwa video, kulikoenea tangu 2020, kumepunguza mzigo huu sana kwa kesi nyepesi. Hata hivyo, kikao kimoja cha jioni kwa wiki kibaki, kwa wanaolipwa kwa saa na wasio na simu ya kuaminika.

Migongano ya maslahi mara tatu

Hakimu wa mji kwa kawaida ni wakili wa muda. Anaruhusiwa kuendelea na ofisi yake, ila haruhusiwi kushughulikia kesi za jinai na zinazofanana nazo. Mwendesha mashtaka naye mara nyingi ni wa muda. Katika mji mmoja, orodha ya watu wanaoweza kugongana nao ni fupi. Katika miji mitatu, mwendesha mashtaka wa pamoja anaweza kuwa ndiye wakili wa bodi ya mipango ya mji wa kati, na mshtakiwa wa leo ni mjenzi mwenye ombi mbele ya bodi hiyo. Kabla ya kusaini, kila ofisa wa mahakama atoe orodha ya wateja wake wa serikali za miji. Kesi ya diwani, mfanyakazi wa mji au ndugu yake inapelekwa kwa jaji msimamizi wa kanda, anayeihamishia mahakama nyingine. Jimbo lina kanda 15, na ofisi ya kanda ihusishwe tangu rasimu ya kwanza, maana ndiyo inayosimamia ukumbi, ulinzi na siku za vikao.

Wakili wa utetezi wa umma asisahauliwe. Kila mahakama lazima iwe naye, na ombi la kumpata linaweza kutozwa hadi dola 200, ada ambayo hakimu anaweza kuisamehe. Miji mitatu iliyokuwa na ada tatu tofauti ichague moja, tena ya chini, kwa sababu washtakiwa wawili walioketi benchi moja kwa kosa lile lile hawapaswi kutozwa tofauti.

Kuhama

Miezi 9 ni haraka; 12 ni salama. Kazi ngumu zaidi ni majalada ya zamani. Kila mahakama inayohama inalinganisha kwanza dhamana iliyoshikiliwa na orodha ya kesi, senti kwa senti, halafu mipango ya kulipa faini kidogo kidogo, halafu hati za kukamata zilizo wazi. Usihamishe uchafu. Januari 2019 jimbo lilifuta mashtaka madogo zaidi ya 787,000 yaliyokuwa wazi kwa zaidi ya miaka 15, na idadi hiyo peke yake inaonyesha makabati ya mahakama za miji yalivyokuwa.

Vitabu vya samansi vyenye anwani ya zamani vikusanywe vyote, pamoja na vile vilivyosahaulika kwenye magari ya akiba. Tangazo libaki kwenye mlango wa ukumbi wa zamani mwaka mzima, na simu ya zamani ielekezwe mpya.

Watumishi ndio watakaofahamu mapema kama mpango ni wa kweli. Ikiwa mji wowote kati ya hii uko chini ya utumishi wa umma wa jimbo, sheria ya huduma za pamoja ya mwaka 2007 inadai mkataba uwe na mpango wa ajira unaosema nani anahamishwa, nani anabaki na nani anapunguzwa. Karani mkuu mwenye cheti cha jimbo na ulinzi wa ajira haondolewi kwa barua ya meya. Kwenye makadirio ya dola 560,000, kama nafasi zitapungua kwa kustaafu badala ya kuachishwa, akiba ya mwaka wa kwanza itakuwa ndogo kuliko iliyotangazwa, na madiwani waambiwe hivyo mapema.

Kuvunja

Uchaguzi wa Novemba unabadilisha baraza la mji wa kati. Walio wengi wapya wanamtaka hakimu mwingine, na muhula wa sasa unaisha. Kwa njia ya huduma za pamoja wana haki hiyo, na hakuna kifungu cha mkataba kinachoweza kumnyang'anya meya mamlaka aliyopewa na sheria. Mkataba unaweza kuweka kamati ya watu watatu ya kupendekeza jina, na unaweza kusema kwamba mji unaoteua hakimu wake wa peke yake unalipa mshahara wake wote na vikao vyake vya ziada. Kifungu hicho cha pili ndicho kinachofanya kazi.

Notisi ya kujitoa iwe miezi 12, na tarehe ya kutoka ilingane na mwaka wa fedha. Hapa miji yetu ina tatizo ambalo halikuonekana mpaka rasimu ya tatu: mji mkubwa bajeti yake inaanza Julai 1, wenzake Januari 1. Wakakubaliana kutoka kuwe Desemba 31, na mji mkubwa upewe hesabu ya nusu mwaka mapema kila Aprili. Mkataba unataja pia nani anabaki na mashine ya kurekodi, rekodi za sauti za miaka iliyopita zinahifadhiwa wapi, na kesi iliyoanza kusikilizwa inamalizwa na hakimu yupi. Jibu la hilo la mwisho ni yule aliyesikia mashahidi, hata kama mji umekwisha kuondoka.